Sange, Fisi na Hema la Mmoja

Naja na mzigo.
— Utue tuuone.
Ni mzito.
— Tutakusaidia.
Ah, kumbe ni mwepesi.
— Basi beba mwenyewe.
Niubebe mpaka wapi?
— Mpaka tusinzie.

Haya, kaeni vizuri. Aliyekalia mguu wa mwenzake ainuke kidogo.

Zamani, zama zile wanyama walipokuwa wakiazimana vitu na kuvirudisha, palikuwa na Sange. Mnamjua sange? Ni mdogo kama panya, lakini si panya. Ana pua ndefu kama mkonga, lakini si tembo. Anaruka kama sungura, lakini si sungura. Wakubwa walikuwa wakimwangalia, wakiinamisha vichwa huku na huku, wasijue wamweke kundi gani. Mwenyewe hakujali. Alikuwa na watoto wanne, na mwenye watoto wanne hana nafasi ya kujiuliza yeye ni nani.

Kiangazi kile Sange alifiwa na mama yake. Mama aliacha kitu kimoja tu, kichuguu, ng'ambo ya Uwanda wa Ukungu, mwendo wa siku tatu kwa miguu midogo. Kilikuwa kichuguu kikubwa, na kila mwaka mvua zilipoanza walitoka humo kumbikumbi wengi mpaka jua linafifia. Mama alikuwa akiwakusanya, akiwaanika, na familia ikila mwaka mzima.

Sheria ya kichuguu ilikuwa moja, na kila mtu aliijua. Radi ya kwanza ikilia, hesabu asubuhi nne. Asubuhi ya nne kumbikumbi huruka, na atakayekutwa amelala chini ya kichuguu jua likichomoza, huyo ndiye mwenyewe, yeye na wanawe. Asiyekutwa hana neno.

Shida haikuwa kichuguu. Shida ilikuwa uwanda. Uwanda wa Ukungu hupanda taratibu kuelekea mlimani, na hauna mti, hauna pango, hauna shimo. Asubuhi ukungu, mchana ukungu, alasiri mvua ya baridi inayopenya mpaka kwenye mifupa. Mama yake Sange alikuwa akiuvuka na shangazi zake, wakilala wamerundikana kama mihogo kapuni. Sange hakuwa na shangazi aliyebaki. Alikuwa peke yake.

Akaenda kwa Mama Kobe.

Mama Kobe alikuwa akiazimisha mahema. Hakuna aliyejua habari za kulala peke yako kumshinda, kwa kuwa tangu azaliwe hajawahi kulala nyumba ya mtu. Sharti lake lilikuwa kwamba hema lirudi limekauka. Siku hiyo alikuwa na matatu.

La kwanza lilikuwa la turubai, na nguzo tisa za chuma. Linalaza kumi. Sange akajaribu kulisukuma, halikusogea.

La pili linalaza wawili. Sange akaliinua upande mmoja, akahema, akalirudisha.

La tatu lilikuwa ndani ya kifuko kidogo kama embe dodo. Sange akalichomoa. Likatoka, likatoka, likaendelea kutoka, kitambaa chembamba kama ganda la kitunguu. Sange akaweka mkono nyuma yake, akauona mkono wake. Akauliza kama hilo ndilo hema au ni kanga yake. Mama Kobe akasema ndilo hema.

Sange akauliza nguzo ziko wapi. Mama Kobe akasema hazipo, nguzo ni fimbo yako ya kutembelea. Sange akauliza sakafu iko wapi. Mama Kobe akasema sakafu ni ardhi, ilishawekwa. Sange akauliza, sasa nikibeba hema lisilo na nguzo wala sakafu, nimebeba nini? Mama Kobe akafikiri, akasema umebeba paa.

"Na ni la mmoja," akasema.

"Mmoja nani?" Sange akauliza. "Mmoja kama mimi, au mmoja kama nyati?"

"Mmoja ni yeyote aliye peke yake."

Sange akachanganyikiwa kabisa. Akalitazama lile la turubai, imara, linaloonekana kama nyumba. Akalitazama hili, linaloonekana kama pumzi. Moyo wake ulitaka lile. Mabega yake yalitaka hili. Akasimama katikati, pua ikienda huku, pua ikienda kule.

Mama Kobe akamwambia, "Usiniulize lina ukubwa gani. Jiulize siku ya tatu, ukiwa umechoka, utakuwa bado umelibeba, au utakuwa umeliacha njiani."

Sange akachukua la mmoja.

Alipokuwa akitoka mlangoni akapishana na Fisi. Fisi akamwuliza anakwenda wapi na kifuko hicho. Sange hakuwa amejifunza bado kunyamaza, akasema anakwenda kulala kwenye kichuguu cha marehemu mama yake. Fisi akatoa pole. Kisha akaingia ndani, akamwambia Mama Kobe, "Nipe kubwa kuliko yote." Maana Fisi ndivyo alivyokuwa. Ukimwonyesha viwili, anachukua kikubwa. Ukimwonyesha kimoja, anachukua na kitambaa kilichofunikia.

Sange akafika nyumbani, akaenda uani kujaribu.

Mara ya kwanza, hema likawa kama popo aliyenyeshewa. Mara ya pili, hema likasimama vizuri sana, ila fimbo ilikuwa nje. Mara ya tatu alifunga mlango, zrrr, akajikuta yeye yuko nje na mlango umefungwa kutokea ndani, na mpaka leo hajui ilikuwaje. Watoto wanne wakacheka wakagaragara. Mara ya nne upepo ulilichukua, akalifukuza mpaka kisimani. Akajifunza kwamba kitu chepesi hukifungui kwanza ndipo utafute kigingi. Unapiga kigingi, ndipo unafungua. Mara ya tano. Mara ya sita. Mara ya saba akapiga kigingi, tok, akapiga kigingi, tok, kigingi, tok, kigingi, tok, akaingiza fimbo katikati, akainua, pwaa. Likasimama kama uyoga. Akaendelea kulisimamisha kila siku, hata macho yakiwa yamefumbwa.

Siku moja saa ya chai radi ikalia. Guuu-gururu.

Kesho yake alfajiri Sange akawapeleka watoto kwa jirani. Akamwambia yule mkubwa awagawie wenzake viwavi asubuhi na jioni, kwa kipimo, kwa sababu akiba ndani ilikuwa ya siku saba tu. Hakuwaambia kwamba baada ya hiyo hakuna nyingine. Akachukua fimbo, akachukua kifuko, akaenda. Tifu, tifu, tifu.

Kufika ukingoni mwa uwanda, akamkuta Fisi. Fisi amebeba turubai mgongoni, na nguzo tisa kifuani, na kapu la nyama kavu shingoni. Akamwambia Sange kwamba ametoka tu kunyoosha miguu.

Fisi akabeba, akatua. Akabeba, akatua. Sange akaenda tifu, tifu, tifu. Fisi akabeba, akatua. Kwa hatua zake ndefu angekuwa amemwacha mbali, lakini kila mara alipotua Sange alimfikia, na kila mara alipobeba Sange alikuwa amempita.

Alasiri mvua ikaja. Sange akaona wingu, akachagua mahali palipoinuka kidogo, akaupa upepo mgongo. Tok, tok, tok, tok, pwaa. Akaingia. Tone la kwanza lilipoanguka lilimkuta ameshavua majani aliyofunga miguuni kama viatu.

Fisi akamwaga nguzo zake chini. Akasimamisha ya kwanza. Alipokwenda kuchukua ya pili, ya kwanza ikaanguka. Akasimamisha ya pili. Alipokwenda kuokota ya kwanza, ya pili ikaanguka. Hema la watu kumi linataka watu kumi wa kulisimamisha, na Fisi alikuja peke yake maana hakutaka kugawana. Akaizunguka ile turubai, akaingia chini yake, akatokea upande mwingine, akaingia tena. Akahesabu nguzo akapata nane. Akahesabu tena akapata kumi. Mvua ikamnyeshea mpaka kulipopambazuka.

Asubuhi turubai ilikuwa imekunywa maji, uzito wake umekuwa mara mbili. Fisi akaivuta, ikabaki. Akaivuta, akabaki yeye. Akaiacha kwenye tope, nguzo zake zote tisa, au kumi.

Akamwendea Sange, ambaye alikuwa akikung'uta hema lake. Fisi akasimama juu yake. Kivuli chake kikamfunika Sange, hema, na vigingi vyote vinne.

"Nipe," akasema.

Sange akamwangalia. Akaangalia uwanda, mweupe, hauna mwisho. Akayawaza yale meno, yanayovunja paja la nyati kama tunavyovunja muwa. Akawawaza watoto. Akampa.

Njia nzima siku ile ya pili Sange alitembea nyuma ya Fisi, akiliona hema lake likining'inia shingoni kwa mtu. Hakulia, lakini miguu ilikuwa mizito kuliko jana, na jana alikuwa na mzigo.

Mvua ilipokaribia Fisi akamwamuru amsimamishie. Sange akasimamisha. Fisi akaingia kichwa, kiuno kikabaki nje. Akatoka, akaingia kinyumenyume, kiuno kikawa ndani, kichwa kikabaki nje. Akamwuliza Sange lina tatizo gani. Sange akasema ni la mmoja. Fisi akasema yeye ni mmoja. Sange akasema ndivyo, lakini huenda amezidi. Fisi akafikiri jinsi mmoja anavyoweza kuzidi na kubaki mmoja, akashindwa, akajikunja kama chapati mpaka akaenea. Halafu kwa kuogopa baridi akafunga mlango wote, zrrr, asiache hata upenyo wa kupitisha pumzi.

Sange akabaki nje. Mvua ikaanza. Tone mgongoni, tone puani. Akatafuta jiwe, hakuna. Akatafuta shimo, hakuna. Akakanyaga kitu laini. Kilikuwa kile kifuko cha hema. Fisi alikitupa, maana hakikuwa kikubwa.

Sange akaingiza kichwa. Kikaingia. Akaingiza miguu. Ikaingia. Akavuta ile kamba ya mdomoni kutoka ndani, akaacha tundu dogo la pua. Akasikiliza mvua ikipiga juu, ta-ta-ta-ta, na yeye mkavu. Akashangaa. Alibeba nyumba siku nzima, kumbe mfuko wa nyumba ulikuwa unamtosha. Sasa ile nyumba ilikuwa ya nini? Akalala kabla hajapata jibu.

Kulipokucha mvua ilikuwa imekatika. Fisi akaamka amelowa chapachapa. Manyoya yanadondosha, masikio yanadondosha. Akatoka nje, nje pakavu kumshinda. Akarudi ndani, ndani panadondosha. Akatoka tena.

Akamwita Sange kwa hasira, akamwambia ameazimwa hema bovu, linalonyesha mvua ndani wakati nje haipo. Sange akaingiza pua. Alijua ni nini. Ni pumzi ya Fisi mwenyewe. Usiku kucha alipumua, pumzi ikapanda, ikakosa pa kutokea, ikagusa kitambaa cha baridi, ikamrudia. Kule uani kwake Sange aliliona jambo hilo mara ya kwanza alipolala na mlango umefungwa.

Angeweza kumwambia. Alifungua mdomo ili amwambie. Ndipo alipomwona Fisi vizuri, akizunguka lile hema, akilinusa mlangoni, akilinusa nyuma, akiuliza kwa sauti ndogo ndani ni wapi na nje ni wapi. Hakuwahi kumwona mtu mkubwa aliyepotea hivyo mbele ya kitu kidogo. Sange naye akafunga mdomo, akaufungua tena taratibu.

"Mjomba," akasema, "kosa ni langu. Sikukueleza. Kwangu mimi hili ni nyumba, kwa kuwa ni mdogo. Kwako wewe hili si nyumba. Ni koti."

Fisi akauliza koti ni hema vipi.

Sange akamwuliza kama anamjua Mama Kobe. Fisi akasema anamjua. Akamwuliza kama amewahi kumwona akisimamisha nyumba yake jioni na kuikunja asubuhi. Fisi akasema hajamwona. Basi, Sange akasema, mwenye mahema mwenyewe havui. Anatembea nalo. Mvua ikija, yumo. Giza likija, yumo. Hasimami, na kwa hiyo hufika.

Fisi akaliwaza neno hilo, hufika. Siku ilikuwa ya tatu. Kesho asubuhi kumbikumbi wanaruka. Akimwacha huyu mdogo asimame kila mvua inapokuja, na yeye aende bila kusimama, nani atakutwa amelala chini ya kichuguu?

Akasema avalishwe.

Sange akamvalisha. Kamba nne, miguu minne. Akafunga ya mbele kulia, akafunga ya mbele kushoto, akafunga za nyuma. Fimbo akabaki nayo, akasema mgongo wa Fisi ndio nguzo. Akafunga mlango kwa mbele, zrrr. Fisi akawa kifurushi cha kijivu chenye miguu minne.

Ndani ya koti sauti ya Fisi ikasema haoni. Sange akamwambia kwenye ukungu hata aliye nje haoni, kwa hiyo hajapungukiwa. Sauti ikauliza basi njia ataijuaje. Sange akasema afuate upepo. Aache upepo umsukume mgongoni. Ukimsukuma, yuko njiani.

Hakusema uongo. Asubuhi ile upepo ulikuwa ukipanda mlima, na kichuguu kilikuwa juu.

Sauti ikauliza la mwisho. Akifika, atajuaje kwamba amefika? Sange akamwambia kwa kugusa. Kichuguu ni kikubwa, cha mviringo, kinanuka tope. Karibu na siku ya kumbikumbi kinakuwa na joto, na ukiweka sikio unasikia kinanguruma ndani.

Fisi hakusubiri zaidi. Upepo ukaingia chini ya koti, fuuu, likavimba, akaenda. Kapu lake la nyama akalisahau. Sange akakaa juu ya kapu, akala kipande kimoja, akabeba kingine. Kisha akasimama akiwa na kifuko chake na fimbo yake. Ukungu mbele, ukungu nyuma. Hema lake limekwenda, na aliyelivaa amekwenda upande uleule anaokwenda yeye. Akajiuliza kama amefanya jambo la akili au la kijinga. Hakujua. Akaenda tifu, tifu, tifu.

Saa sita alikiona kichuguu. Ukungu ulifunguka kama pazia, kikaonekana, chekundu, kirefu, na alama za kucha za mama yake ubavuni, pale alipozoea kupanda. Sange akasimama.

Na chini ya kichuguu kulikuwa na kifurushi cha kijivu.

Fisi alikuwa amefika. Alikuwa akizunguka. Pua yake ilikuwa ikisukuma kitambaa mbele, ikinusa. Akapita kushoto kwa kichuguu, hatua tatu. Akasimama. Akarudi, akapita kulia, hatua mbili. Kipembe cha koti kikaugusa ule ubavu wenye alama. Angenyoosha mguu mmoja tu angekigusa.

Sange akalala chini. Hakupumua. Mchwa mmoja akampanda puani, na Sange, ambaye tangu azaliwe hajamwacha mchwa apite, akamwacha apite.

Fisi akasema ndani ya koti, kwa sauti ya mtu anayejizungumzia, "Upepo umesimama."

Kweli ulikuwa umesimama. Uwandani kule upepo hupanda asubuhi. Ikifika adhuhuri hutulia kidogo kama mtu anayefikiri. Kisha hugeuka na kuteremka. Sange alifundishwa na mama yake, na mama na mama yake. Fisi alikuwa mtu wa bondeni.

Ukakaa kimya. Ukakaa kimya. Halafu ukaja kutoka juu, fuuu, ukaingia kwenye koti kwa mbele, ukampiga Fisi kifuani. Fisi akashtuka, akadhani amegeuka bila kujijua. Alishindwa kukumbuka alikuwa ametazama wapi. Akajizungusha polepole, mara moja, mara mbili, mpaka upepo ukamkaa mgongoni. Hapo akatulia kama mtu aliyepata hakika. Akaanza kushuka. Koti likavimba, mwendo ukazidi, miguu ikawa inagusa chini hapa, inagusa kule, mpaka ukungu ukammeza.

Sange akatambaa hadi kwenye kichuguu, akaweka shavu pale penye alama za kucha. Kilikuwa kinanguruma ndani. Akaingia kwenye kifuko, akavuta kamba, akabaki hapohapo mchana uliobaki na usiku, na mvua ilinyesha, na hakutoka.

Fisi alishushwa na upepo mpaka kwenye matete ya bondeni, mahali alipozaliwa, asipajue. Jioni akajikwaa. Akagusa. Kikubwa. Akagusa tena. Cha mviringo. Akanusa. Tope. Akaweka ubavu. Kina joto. Akatega sikio. Ngruuu, ngruuu. Machozi ya furaha yakamtoka humo kotini. Ili asipeperushwe tena, akapapasa akapata mizizi miwili mikubwa iliyopinda. Akazifungua kamba za mbele kwa meno, akazifunga kwenye ile mizizi, fundo juu ya fundo. Kisha akakikumbatia kichuguu, akalala, akisema kesho watu wote watamwona.

Jua likachomoza pande zote mbili kwa pamoja.

Juu uwandani, tundu moja dogo likafunguka kwenye kichuguu, akatoka kumbikumbi mmoja. Akatoka wa pili. Halafu shaaaa, wakatoka wote, mabawa yakameta, hewa ikawa dhahabu. Pimbi na tandala waliokuwa wakipita wakamwona Sange anatoka kwenye kifuko chini ya kichuguu, manyoya yamesimama upande mmoja kwa usingizi. Wakamwamkia kama anavyoamkiwa mwenye mahali. Sange akaitikia. Kisha akaanza kukusanya, akicheka, akilia, hajui kipi kinatoka kwanza.

Kule kwenye matete Fisi akasikia joto la jua kwenye kitambaa. Akakohoa kidogo, akatangaza kwa sauti kuu kwamba jua limemkuta amelala hapa, na kichuguu hiki ni chake, yeye na wanawe.

Kichuguu kikainuka.

Kilinyanyua nyuma kwanza, kisha mbele, kama nyati anavyoinuka, kwa sababu alikuwa nyati. Akajitikisa. Akahisi kitu kimefungwa kwenye pembe zake, akasema mbuu, akaanza kwenda. Fisi akaenda naye. Hakuwa na hiari. Akakiomba kichuguu kipunguze mwendo. Akakikumbusha sheria. Walipopita mtoni kamba zikakatika, hema likachanika pande mbili, na Fisi akatoka katikati kama kifaranga, akakaa majini, akimwangalia mtu mkubwa mweusi akiondoka na vitambaa pembeni. Hakuelewa. Mpaka leo hajaelewa.

Sange alirudi nyumbani siku ya saba, na watoto walikuwa na kiwavi kimoja cha mwisho, wamekiweka juu ya jani bila kukila, kila mmoja akimwachia mwenzake. Akawamwagia kumbikumbi mbele yao. Baadaye akaenda kwa Mama Kobe na kile kifuko, na kapu la kumbikumbi, akamweleza yote. Mama Kobe akakigeuza kile kifuko, akachungulia ndani, hamna hema. Akasema sharti lilikuwa lirudi limekauka, na kweli hiki ni kikavu. Akakipokea.

Na Fisi? Ukimwona fisi asubuhi, anakwenda hatua mbele, anageuka, ananusa, anarudi alikotoka, kichwa chini kama mtu aliyesahau jambo mlangoni, usimcheke. Alikuwa na kichuguu, chake mwenyewe kisheria, na kimemtoka kwa miguu. Anauliza kila anayekutana naye kama amekiona kikipita.

Ngano yangu imechoka, imekaa chini. Anayetaka kuibeba, kamba zake ni nne.
— Na funzo lake?

Funzo lake, wanangu, mlishike. Ukisafiri, chukua hema kubwa na zito kuliko yote, na ukipotea fuata upepo, na mkubwa akikuomba kitu mpe, maana wakubwa wanajua wanakokwenda. Bibi yangu ndivyo alivyonifundisha, kwenye ngano hiihii. Nilimwuliza mara tatu kama ana uhakika. Akasema nisimchanganye.